Mti wa Mama Nora Nilivyousafisha

Nianze kwa kukiri, maana kuna wenzangu hapa Alby, pembeni mwa Stockholm, wanaoujua mkasa huu nusu, na nusu waliyo nayo ni ile ya kuchekesha, kwamba mwenzenu Koleta alikwenda kuhiji Ayalandi akaishia kufanya kazi ya usafi bila kulipwa. Wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu usipocheka watu wanaanza kuuliza maswali. Lakini ukweli ni kwamba mpaka leo nikiingia ukumbini nikaona mtu anaunganisha projekta, macho yangu yanatafuta mlango uko wapi, na treni ikisimama Farsta huwa naangalia viatu vyangu mpaka milango ifungwe. Aibu ile niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili, tena nikiwa nimevaa glavu.

Ilikuwa miaka ile simu zetu bado za vitufe na kamera ya dijitali mtu anaivaa shingoni hata msibani. Jumuiya yetu ya Waswahili (Waswahili kwa maana ya lugha tu, ndani yake kuna Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, sisi Watanzania wachache, na Mkenya mmoja anayeonekana siku za pilau) tulikuwa tunaazimwa ukumbi wa parokia Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya Kiingereza. Na kwenye misa hiyo ya Kiingereza ndiko alikokuwa anasali Mama Nora. Huyu ni Mwayalandi, bibi wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ndoa ndiyo iliyomleta Uswidi tangu ujana wake, mume akafariki, akabaki Farsta na mtoto wake mmoja tu wa kike, Karin. Alikuwa anachelewa kuondoka makusudi ili tumkute, anakula sambusa mbili, anafungiwa ya tatu kwenye karatasi, na sisi tulimpenda kwa sababu alikuwa mzee wa kwanza nchi hii aliyetuuliza wazazi wetu wanaendeleaje.

Ile sambusa ya tatu ilikuwa ya Karin. Karin alikuwa rika langu, na alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa kuingia hospitali wiki tatu, kutoka moja, kuingia tena. Mama Nora hakuwa analia hovyo mbele za watu. Alikuwa anasema tu, "Wiki hii amekula," au "Wiki hii hajala," na sisi tunajua la kumjibu.

Sasa mwenyekiti wetu Evariste, Mrundi, dereva wa basi hapa mjini, akaja na wazo la hija. Akasema kila mtu ameshakwenda Lurdi, hata wasiosali wameshakwenda Lurdi, twende mahali ambapo hatujapazoea. Mama Nora alikuwa na sambusa mdomoni, akainua mkono kama mtoto wa shule, akameza, akasema, "Nendeni kwetu." Akatuchorea njia yote nyuma ya bahasha: magofu ya monasteri yenye mnara wa mviringo, misalaba mirefu ya mawe yenye hadithi za Biblia zimechongwa toka juu mpaka chini, mlima ambao watu wanaupanda peku kufanya toba, na mwisho kabisa, huko magharibi, kisima kitakatifu cha kijijini kwao, ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha watalii.

Siku mbili kabla ya safari akanivuta pembeni, akanishika mkono. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea Kiswidi, changu cha kazini na chake chenye lafudhi ya kwao, tunaelewana vizuri.

"Koleta, ukifika kisimani mwombee Karin."

"Mama, hilo hata usingeniambia."

"Na pale pembeni kuna mti. Nipigie picha. Karibu kabisa, matawi yaonekane vizuri. Mimi siwezi kumwacha mtoto nikaenda."

Nikamwambia Mama Nora, picha hiyo utaipata hadi uchoke kuiangalia. Sikumwuliza matawi ya nini. Mimi, jamani, ninayemwuliza jirani anapika nini kwa kusikia harufu tu, siku hiyo moja iliyokuwa inahitaji swali sikuuliza.

Tukaenda watu tisa. Kutoka Dublin tukakodi kibasi, Evariste akakamata usukani, na hapo tukapata msukosuko wa kwanza maana kule wanaendesha upande wa kushoto, na Evariste upande huo hajawahi kuuendesha, si kwao Burundi wala hapa Stockholm, kwa hiyo mimi Mtanzania nikawekwa kiti cha mbele kazi yangu kupiga kelele "kushoto, Mwenyekiti, kushoto!" kila tukitoka kwenye mzunguko. Tukaona magofu, tukagusa misalaba ya mawe, tukaingiza vichwa kwenye vijumba walimokuwa wanasali watawa wa zamani, vidogo hivyo unashangaa mtu aliwezaje kukunja miguu. Mlima ule nilifika nusu. (Nilisema goti linauma. Goti halikuwa linauma.) Siku ya tano, asubuhi, mvua ikiwa ile ya kunyunyiza isiyokatika, tukafuata bahasha ya Mama Nora mpaka kijijini kwao, tukavuka ukuta wa mawe kwa ngazi ya mawe, tukaingia kwenye malisho ya kondoo, na kisima kikawa pale.

Kisima chenyewe kilikuwa kizuri, maji madogo yametulia, yamezungushiwa mawe. Lakini ule mti! Mti mfupi wa miiba, umeinama upande mmoja kwa upepo, na toka chini hadi juu umejaa matambara. Sisemi matambara mawili matatu. Vipande vya shati, utepe, soksi za watoto, vitambaa vya kichwa, rozari zilizoota kutu, chuchu bandia ya mtoto, kibangili cha plastiki cha hospitali chenye jina la mtu, na vingine vilikuwa vimeoza hadi huwezi kujua vilikuwa nini. Kibangili cha hospitali, fikirieni. Nilikishika nikakisoma jina, na hata hapo akili haikushtuka.

Mama Bea, Mkongo wa Bukavu, ambaye hana tabia ya kunyamaza, akaweka mikono kiunoni. "Yesu! Njo kisima ya mtakatifu hii? Batu banatupa ma-soksi kwa mti wa Mungu?"

"Pengine ni upepo umeyaleta," akasema Evariste, mtu wa kutetea watu.

"Upepo unafunga na fundo?"

Niwaeleze nilivyolelewa, labda mtanihurumia kidogo. Kwetu Bukoba, mama yangu akisikia mpiga picha yuko njiani alikuwa anafagia uwanja wetu, anamaliza, anafagia na wa jirani kwa kuwa utaonekana nyuma. Huwezi kumpigia mtu picha ya kwao pachafu ukampelekea, ni kama kumtukana. Halafu Jumamosi ni siku ya usafi kanisani, akina mama mnapangwa kwa zamu, na ile zamu ni sadaka kamili, wala hakuna mtu anayesimama kuuliza kama inaruhusiwa. Na mimi tena kazi yangu hapa Stockholm ndiyo hiyohiyo, mwaka wa kumi na moja huo, nasafisha maofisi. Wanawake wengine kwenye pochi wanabeba rangi ya mdomo, mimi nabeba pakiti nzima ya glavu za njano na mifuko myeusi ya taka.

Kwa hiyo nikasimama na kamera yangu pale, nikamfikiria bibi wa watu anafungua picha ya kijijini kwao, huku mtoto anaumwa, anakuta mti wa mtakatifu wao umegeuzwa jalala. Nikasema hapana. Nikapiga picha moja ya kuonyesha hali ilivyokuwa, nikavaa glavu, nikaanza na tambara moja lililokuwa karibu. Moja tu. Lilikuwa limeloa, likatoka bila shida. Nikaona tawi lilivyopumua, nikatoa la pili.

"Leta gants, na miye nisaidie," akasema Mama Bea, akanyoosha mikono apewe glavu.

Basi ndani ya dakika kumi tulikuwa watu tisa mtini, mmoja anakata mafundo kwa mkasi wa kucha, mmoja ameshika mfuko, Evariste amepanda juu ya jiwe kwa ajili ya matawi ya juu, tunaimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti zote nne. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile. Miiba ilituchoma na tukasema ni toba, hasa mimi niliyekuwa na deni la ule mlima. Kulikuwa na kipande kimoja cha njano chenye maua madogo, kimebaki nyuzi tu zimeng'ang'ania kwenye kibutu cha tawi, wenzangu wakasema kiache hicho hakionekani, nikasema kazi nusunusu mimi sifanyi. Nikavua glavu moja, nikakikwangua kwa ukucha mpaka kikaisha.

Katikati ya wimbo akapita mzee mmoja na trekta barabarani. Akasimama. Akatuangalia muda mrefu sana, akavua kofia, akaishika kifuani, na Evariste kwa furaha akampungia mkono, tukajua tumeheshimiwa. Yule mzee akarudisha kofia kichwani akaondoka polepole. Leo nikimkumbuka natamani angeshuka atutukane.

Tulipomaliza mti ulikuwa mweupe, mtupu, hata kondoo walikuja kuuangalia. Rozari na medali Mama Bea alizitenga kwenye mfuko wa plastiki, akasema hizo tutazisafisha tuzigawe. Matambara yalijaza mifuko minne. Na mimi, kwa kuwa niliahidi, nikapiga magoti pale kisimani kwenye majani mabichi, nikasali rozari nzima kwa ajili ya Karin, nikitaja jina lake kila fungu, mfuko mweusi ukiwa umenigusa bega. Halafu tukavaa vitenge vyetu vya kwaya juu ya makoti, tukajipanga mbele ya mti na glavu zetu za njano, nikaweka kamera juu ya ukuta ijipige yenyewe. Mifuko tukaitupa kwenye kontena la taka nyuma ya kituo cha mafuta, tulipoingia mji wa mbele kununua chai.

Hadi hapo, wapendwa, hakuna mtu aliyekuwa ameona kitu zaidi ya yule mzee. Ningempa Mama Nora picha zake kimyakimya mlangoni kwake, aibu ingebaki ya watu wawili. Lakini kiherehere kikishaanza hakikubali kukaa. Nikampigia simu Evariste tuliporudi, nikasema Mwenyekiti, hizi picha tusimpe mkononi, tumfanyie jambo la kumshangaza, tuziweke kwenye ukuta mkubwa Jumapili ya jumuiya. Evariste akaona ni wazo zuri sana, akatangaza misa ya Kiingereza, akatangaza misa ya Kiswidi, akamwalika na paroko. Mimi nikapika. Nikaandaa na hotuba kwa Kiswidi, binti yangu akanisahihishia, akaniuliza mbona ndefu hivyo, nikamwambia nyamaza.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa kuliko Pasaka. Mama Nora akaja, na juu ya yote akaja na Karin, ambaye alikuwa ametoka hospitali siku mbili zilizopita, amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, mweupe wa kutisha, anatabasamu. Walitaka kukaa nyuma karibu na mlango ili Karin akichoka watoke. Nikakataa. Nikawashika mikono nikawaketisha mstari wa mbele kabisa katikati.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaongea kuhusu mnara wa mviringo, nikaongea kuhusu mlima (nikasema nilifika juu, Mungu anisamehe), Waswidi wanakunywa kahawa yao wananiitikia kwa vichwa. Halafu nikasema sasa tunafika nyumbani kwa Mama yetu mpenzi. Nikasema tulikuta mahali patakatifu pametelekezwa, watu siku hizi wamesahau, lakini sisi tulikotoka tumefundishwa kuiheshimu nyumba ya Mungu. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kipaza sauti, mbele ya paroko. Nikampa ishara Evariste.

"Kabla," nikasema, na mti wenye matambara ukajaa ukutani.

Nikamwona Mama Nora anasogea mbele kwenye kiti, anavaa miwani, anamshika Karin goti, anamwonyesha kitu kwa kidole. Uso wake ulifunguka. Nilidhani ni aibu ya uchafu imemshika, nikafanya haraka nimwondolee.

"Na sasa baada!"

Mti mtupu, watu tisa, glavu za njano, meno nje. Makofi yakalipuka. Mama Nora akasimama, mkono mdomoni, machozi yakaanza kumtoka, na Mama Bea alipoona machozi akasimama naye juu ya benchi akapiga vigelegele, akina mama wote wakaitikia, na mimi mjinga nikaongeza nguvu kwenye kipaza sauti, "Ndiyo, Mama, lia, ni furaha!"

Akaja mbele. Anatembea taratibu, vigelegele vinaendelea.

"Koleta, irudishe ile ya kwanza."

Nikajua anafurahia tofauti. Nikamwambia Evariste rudisha. Mama Nora akausogelea ukuta mpaka kivuli chake kikaingia kwenye picha, akatafuta kwa kidole, akaweka kidole kwenye tawi moja la kulia. Pale kulikuwa na kitu cha njano kidogo sana, ungeweza kudhani ni jani.

"Hiki hapa," akasema. "Kilikuwa kimebaki kidogo hivi."

Halafu akasema, "Na ile nyingine." Evariste akabonyeza. Kidole chake kikabaki palepale, kwenye tawi lililokwanguliwa.

Watu walinyamaza si kwa pamoja, walinyamaza mmojammoja, wa mwisho alikuwa Mama Bea. Karin ndiye aliyekuja kunieleza, maana mama yake alikuwa hawezi. Alikuja akasimama karibu yangu akaongea kwa upole, kama vile mimi ndiye mgonjwa, na kipaza sauti nilikuwa nimekishika kati yetu na sikukizima, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. Akasema kwao mtu akiumwa anakatwa kipande cha nguo yake, kinaloweshwa kisimani, kinafungwa kwenye ule mti. Kile kitambaa kinavyooza, ugonjwa nao unapungua. Kikiisha, umekwisha. Mama yake alikata kipande cha pindo la gauni la kulalia la Karin, lile la njano, akaenda akakifunga mwaka uliopita, na ile picha alikuwa anaitaka aone kimefika wapi.

"Kwa hiyo kikiondolewa?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza, na kwa kipaza sauti.

Karin akafikiri. "Hakuna mtu anayeondoa," akasema.

Mngeniona. Nikaanza kusema tutarudi, tutavirudisha vyote, Mwenyekiti atawapigia simu watu wa kile kituo cha mafuta, kontena labda halijachukuliwa, tutatafuta cha njano. Naongea Kiswidi, kinaniishia, naingia Kiswahili, Evariste kule nyuma anajaribu kuzima projekta na badala ya kuzima anaenda picha ya mbele, ya nyuma, ya mbele, mti unajaa matambara, unakuwa mtupu, unajaa tena. Paroko akainuka akachomoa waya ukutani.

"Koleta," akasema Mama Nora, "keti, mwanangu."

Nikaketi chini, sakafuni. Walikuwa na haki ya kutoka kwa hasira na hawakutoka kwa hasira. Mama Nora alimfunga mtoto wake skafu, wakaaga watu wa karibu, wakaenda. Ile sahani niliyowatengea ilibaki kwenye kiti.

Wiki ile sikulala vizuri wala kula. Tukaunda ujumbe wa kwenda kuomba radhi, maana kosa kama hilo kwetu huendi peke yako, tukaenda Farsta watu watano na sufuria ya wali. Mama Nora alitupokea kwenye ngazi kwa sauti ya chini kwa sababu Karin alikuwa amelala. Alisema, "Kosa ni langu. Nilidhani kila mahali watu wana mti kama huo, sikujua kuna haja ya kueleza." Afadhali angenipiga. Evariste alizituma zile rozari na medali kwa posta kwa padre wa kijiji kile, pamoja na barua ya kurasa tatu. Ikarudi kadi moja. Padre aliandika kwamba amezipokea, kwamba kijiji chote kinajua, na kwamba wanatuombea. Mama Bea alipoisoma alikaa siku nzima bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baadaye.

Karin alifariki mwisho wa majira ya baridi, theluji ikiwa imeshaanza kuwa tope.

Najua mnachotaka kuniambia. Nimeambiwa. Paroko aliniita akaniambia kitambaa hakiponyi wala hakiui. Nesi mmoja wa jumuiya yetu akanieleza mambo ya damu ile hatua kwa hatua, kwamba hata kabla ya safari yetu madaktari walikuwa wameshajua. Mama Nora mwenyewe aliniambia, kaburini, ameshika kiwiko changu. Nawaamini wote. Lakini ukucha huu wa kidole gumba ndio uliokwangua lile tawi, na hao wote wakishanifariji wanakwenda makwao, mimi nabaki na mkono wangu.

Mwezi wa Aprili Mama Nora akanipigia simu. "Koleta, una nafasi Jumamosi? Nataka kusafisha chumba cha Karin. Peke yangu siwezi, na wewe ndiyo kazi yako."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwuliza kama ana uhakika ananitaka mimi, akasema ndiyo, mimi. Nikaenda mikono mitupu, pochi nimeitoa kila kitu, hata glavu. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Nikasimama kwenye kizingiti, miaka yangu kumi na moja ya kazi yote imenitoka kichwani.

"Anzia popote," akasema.

Kulikuwa na glasi dirishani, maji yamekauka ndani. "Hii niiguse?"

Akaiangalia. "Bado."

"Na hili gazeti?"

"Bado."

Tulikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka saa nane mchana, hatukuondoa kitu, tukanywa chai nikarudi Alby. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena. Chumba kile kidogo, ambacho kazini ningekimaliza kwa dakika ishirini, kilituchukua hadi majani yanapukutika, na nilikuwa nauliza kila kitu, hata vumbi. Tangu hapo nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja, kwamba mahali ambapo sikuitwa kusafisha siinui hata karatasi, na nilikoitwa nauliza kwanza, na wenzangu kazini wananiona nimekuwa mzito.

Kitu cha kwanza alichoniruhusu kutupa, Jumamosi ya tatu, kilikuwa chaja ya simu. Nilimwuliza mara mbili, akasema ndiyo, hiyo tupa. Nikaiweka mfukoni mwa koti, nikapita pipa la pale Farsta, nikapita la stesheni, nikafika nayo nyumbani. Iko kwenye droo ya jikoni mpaka leo, haiingii kwenye simu yoyote ya siku hizi, na binti yangu akiwa anapanga vitu huniuliza kwa Kiswidi chake kama aitupe, nami namjibu, bado.